Kupiga mbizi Mombasa ukiwa na mtoto mdogo na jamaa wasiozamia

Panga safari hii kuanzia nchi kavu. Kabla hujauliza bei ya mtungi wa hewa, andika majina ya watu wazima wote mtakaosafiri nao, kisha ujibu swali moja: wapiga mbizi wakiwa chini ya maji, nani hasa anamshika mtoto? Lazima liwe jina. "Watu watakuwepo" si jibu. Mtoto wa miaka miwili huzama kimya kimya, kwa dakika chache tu, hata kwenye maji ya magotini, na huzama zaidi pale ambapo watu wazima watano wapo na kila mmoja anadhani mwenzake anamtazama.

Mbizi mbili za asubuhi hula kama saa nne, tangu kuvaa vifaa hadi kurudi ufukweni. Saa nne ni nyingi kwa bibi wa miaka sabini na mjukuu anayekimbilia bwawa, na bibi hatakwambia amechoka. Kwa hiyo wazazi wote wawili wakizamia, pigeni zamu: leo baba, kesho mama. Siku ya kwenda pamoja iwe moja au mbili tu, na siku hizo waachieni mtoto watu wazima wawili, si mmoja. Kiulize kituo cha mbizi kama kinatoa safari ya mtungi mmoja. Vingi hukubali, na saa mbili zinavumilika kuliko nne.

Baada ya watu, tazama mwezi. Hapa ndipo wageni wengi huharibu, kwa sababu huangalia bei ya chumba na kusahau maji. Pwani yetu ina tofauti kubwa ya kujaa na kupwa, zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Mombasa hukauka karibu saa 4 au 5 asubuhi na kujaa jioni. Asubuhi hiyo mtoto hana pa kuogelea: ufuo umebaki mawe, majani na vidimbwi vyenye wale wadudu weusi wa miiba mirefu. Mpiga mbizi naye hutembea na mtungi mgongoni hadi boti ilipo, mikondo ni mikali, na maji yanayotoka hori za Tudor na Kilindini hubeba tope hadi nje ya mwamba wa matumbawe, kwa hiyo huoni mbali.

Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Maji hujaa katikati ya asubuhi, mkondo ni mdogo na boti hufika karibu na ufuo. Siku hizo, takribani tarehe 7 hadi 10 na 21 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu, ndizo zinazowafaa watoto na wapiga mbizi kwa pamoja. Chukua jedwali la maji la Kilindini la mwezi unaotaka, uzungushie siku hizo duara, ndipo ukate tiketi. Wakati wa maji husogea mbele kwa kama dakika hamsini kila siku, kwa hiyo ratiba ya Jumatatu haifai Alhamisi.

Msimu ni rahisi zaidi kuamua. Oktoba hadi Machi bahari inafaa. Novemba na Machi, upepo unapogeuka, mara nyingi maji huwa tulivu na safi kabisa. Januari na Februari kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, huvuma hasa alasiri, basi mbizi zote ziwe asubuhi. Aprili na Mei ni masika. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi, upepo wa kutoka kusini, huchafua bahari, na baadhi ya vituo hufunga. Miaka hii Ramadhani huangukia ndani ya msimu wa kaskazi: kwenda si tatizo, lakini panga mapema chakula cha mchana cha mtoto, hasa mkienda kisiwa cha Wasini.

Kuhusu pa kukaa, uchaguzi halisi ni Nyali na Bamburi kwa upande mmoja, au Diani kwa upande mwingine. Safari ikiwa chini ya siku tano, msichanganye. Mkiwa na mzee na mtoto mdogo, Nyali au Bamburi ni bora: hospitali kubwa ziko karibu, hakuna kivuko, na jamaa wasiozamia wana pa kwenda kwa tuktuk. Diani ina mchanga mpana na iko karibu zaidi na Shimoni, mahali pa kupandia boti za hifadhi ya bahari ya Kisite, kwa hiyo ichague kama Kisite ndiyo shabaha yenu. Barabara ya Dongo Kundu sasa hukupitisha kutoka Miritini hadi upande wa kusini bila kusimama kwenye kivuko cha Likoni, na kwa gari lenye mtoto anayelia hilo si jambo dogo. Nyumba iwe ya chini au yenye lifti, kivuli kiwe hatua chache kutoka bahari, na bwawa liwe na uzio au mlango unaofungika. Omba picha ya bwawa kabla ya kulipa.

Sasa mbizi zenyewe. Nje ya Nyali iko MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki. Ina urefu unaozidi mita 70 na imesimama wima kwenye kina cha karibu mita 30. Cheti cha awali huishia mita 18, kwa hiyo mwenye cheti hicho asiahidiwe Dania yote; anahitaji mafunzo ya ngazi ya pili. Kama hujazamia kwa mwaka mmoja au zaidi, lipia kipindi cha kukumbushwa bwawani siku ya kwanza. Jamaa wanaotaka kujaribu wanaweza kushushwa na mwalimu hadi mita 12, wakiwa na umri wa kuanzia miaka 10. Watajaza fomu ya afya, na mwenye pumu, presha au kisukari atatakiwa alete sahihi ya daktari. Itafute kabla ya safari, nyumbani kwa daktari anayekujua, kwa sababu kuitafuta Mombasa asubuhi ya mbizi ni kupoteza siku nzima. Mjamzito asizamie kabisa. Mama anayenyonyesha hana katazo.

Unapochagua kituo, uliza haya kwa simu: kwenye boti kuna oksijeni na redio? Kiongozi mmoja huchukua wapiga mbizi wangapi? Mgonjwa wa mgandamizo (aliyepata viputo vya gesi mwilini baada ya mbizi) hupelekwa wapi, na kwa njia gani? Anayejibu la mwisho bila kusitasita ndiye wa kumwamini. Usiulize kama mtoto anaweza kupanda boti ya mbizi. Hata wakikubali, usimpandishe: mitungi huviringika, ngazi iko wazi, na mawimbi nje ya mwamba hayamwoni mtoto.

Siku ambayo familia nzima inaweza kutoka pamoja ni ya Kisite. Shimoni iko kama kilomita 80 kusini mwa Mombasa. Ondokeni saa 12 asubuhi, mtoto alale garini kwenye kiti chake. Ada ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kwa hiyo ilipeni usiku uliotangulia mkiwa na mtandao mzuri, na kila mtu abebe kitambulisho. Jahazi huchukua wapiga mbizi na wale wa miwani na bomba la kupumulia, na hapo ndipo kuna mtego: wote hudhani mtoto naye aende hadi mwamba. Mpango bora ni kugawana. Wanaoingia majini waendelee Kisite. Mtoto, bibi na mtu mzima mmoja wavushwe hadi kisiwa cha Wasini, ni dakika chache tu kutoka Shimoni. Kisiwani hakuna magari, na kuna njia ya mbao inayoendeshwa na kina mama wa kijiji, inayopita juu ya mikoko na matumbawe ya kale. Vaeni nguo za heshima. Lesso moja mabegani inatosha. Mkutane wote kwa chakula cha mchana huko huko. Panganeni na nahodha kwa maneno wazi kabla ya kulipa, la sivyo atawapeleka wote kama kawaida.

Siku nyingine wasiozamia wana mengi ya kufanya. Fort Jesus iwe asubuhi kabla ya jua kali, na hapo waonyesheni jumba la makumbusho: kuna vitu vilivyotolewa na wapiga mbizi kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697 wakati wa mazingiwa. Kwa jamaa anayeshangaa mnatafuta nini huko chini, chumba hicho humweleza kuliko ninyi. Haller Park, bustani ya wanyama iliyoko Bamburi, inamfaa mtoto alasiri. Kwa mwamba bila kulowa, kodini boti yenye kioo chini ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, maji yakiwa yamejaa.

Mizigo ya mtoto: jaketi okozi la saizi yake, lenye kola ya kuinua kichwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu, kwa kuwa boti nyingi zina ya watu wazima tu na mtoto huchomoka humo. Nguo ya kuogelea ya mikono mirefu, kofia inayofungwa kidevuni, viatu vya mpira vya kufunga (kandambili huchomoka na miiba iko hapo hapo), chandarua chenye dawa, chumvi ya ORS ya kuchanganya na maji akiharisha, kipimajoto na parasetamoli ya maji. Asipewe aspirini. Homa yoyote ya mtoto Pwani ni ya kupimwa malaria siku hiyo hiyo. Mtu akichomwa na miiba au samaki wa sumu, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia mtu mzima kwa mkono wake, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha hospitali.

Kinachofuta mbizi nyingi kuliko upepo ni mafua ya mtoto. Akiyapata, mzazi huyapata siku mbili baadaye, na mwenye pua iliyoziba hawezi kusawazisha shinikizo la masikio. Usimeze dawa ya kufungua pua ili uzamie: nguvu yake ikiisha ukiwa chini, hewa hunaswa wakati wa kupanda na huumiza sikio vibaya. Mtoto asiende shuleni siku chache kabla ya safari, osheni mikono, na kubalini kupoteza mbizi moja. Vivyo hivyo aliyekesha na mtoto abaki nchi kavu asubuhi. Baada ya mbizi kunywa maji mengi, na mwachie asiyezamia kazi ya kumbeba mtoto kwenye mchanga. Kazi nzito mara tu baada ya kupanda huongeza hatari ya ugonjwa wa mgandamizo.

Mpangilio wa siku uwe huu: mbizi mwanzoni, Kisite kabla ya siku ya mwisho, mji wa kale mwishoni. Baada ya mbizi moja ngoja angalau saa 12 kabla ya kuruka, na baada ya mbizi za siku kadhaa angalau saa 18. Saa 24 ni salama zaidi na ni rahisi kukumbuka. Wengi hujua hayo kuhusu ndege kisha hupanda treni ya SGR alasiri ile ile. Treni hiyo hutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, na mwili hautofautishi treni, gari wala ndege. Kanuni ni ile ile hata kwa wanaokwenda milima ya Taita. Ukipata maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida ndani ya saa 24 baada ya mbizi, usipande chochote: pumua oksijeni, piga simu kituoni na kwa bima yako ya mbizi, na umwache jamaa aende mbele na mtoto.