Mvulana au msichana? Piga hesabu kwa kopo la maharage

Nafasi ya kuzaa mvulana au msichana unaweza kuijaribu mwenyewe nyumbani. Tafuta maharage ya rangi mbili yenye punje za ukubwa mmoja. Kwa mtu wa Kigoma hilo si kazi: sokoni Mwanga au Ujiji, maharage ya njano na mekundu hukaa kwenye meza moja. Hesabu punje 103 za njano, hizo ni wavulana. Hesabu 100 nyekundu, hizo ni wasichana. Zimimine zote kwenye kopo lisiloonyesha ndani, kisha weka daftari na kalamu pembeni.

Kwa nini 103 kwa 100, na si sawa kwa sawa? Kwa sababu wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana. Duniani kwa jumla ni kama 105 kwa kila wasichana 100. Kusini mwa Sahara pengo hupungua, wavulana wakawa karibu 103. Gawanya 103 kwa 203 upate 0.507. Maana yake, katika watoto 1,000 wanaozaliwa, tarajia wavulana kama 507 na wasichana 493. Jambo hili si jipya. Mwaka 1710 daktari John Arbuthnot alichambua vitabu vya ubatizo vya London vya miaka 82 mfululizo, akakuta wavulana wamezidi kila mwaka, bila kukosa hata mmoja. Ukiwa na haraka lakini, chukua nusu kwa nusu na urushe shilingi mia mbili: Karume mvulana, simba msichana. Kwa mimba moja, tofauti hiyo ndogo haikusaidii hata kuchagua rangi ya shuka la mtoto.

Sasa kuchota. Tikisa kopo, chota punje moja bila kuchungulia, andika V au S, RUDISHA punje ndani, tikisa, chota tena. Michoto minne ni familia moja ya watoto wanne. Fanya hivyo hadi upate familia 16, kila moja kwenye mstari wake: VSSV, SSSV, na kuendelea.

Neno “rudisha” tumeliandika kwa herufi kubwa kwa sababu hapo ndipo wengi huharibu. Usiporudisha punje, kila nyekundu inayotoka hupunguza nyekundu zilizobaki, na njano zinapata nafasi zaidi. Ndivyo anavyowaza mtu anayesema “wamefika wasichana wanne, sasa ni zamu ya dume.” Uzazi hauendi hivyo. Yai la mama hubeba kromosomu (kibeba urithi) ya X siku zote; mbegu za baba, karibu nusu zina X na nusu zina Y. Ikitangulia ya Y ni mvulana, ikitangulia ya X ni msichana, na kila mimba huanza na mamilioni mapya ya mbegu yasiyo na habari ya mimba iliyopita. Mama mwenye wasichana wanne, mimba ya tano ina 0.507 ya mvulana, ile ile ya mwanzo. Na mawifi wanaomsema mke kwa kuzaa wasichana watupu wanagonga mlango usio wake: herufi inayoamua imetoka kwa kaka yao, naye pia hakuichagua.

Rudi kwenye daftari. Ukiuliza watu watoto wanne hugawanyikaje, karibu wote watasema wawili kwa wawili. Hesabu inakataa. Katika familia 16, tarajia kama 8 zenye watatu kwa mmoja, 6 tu zenye wawili kwa wawili, na 2 zenye jinsia moja tupu. Sababu ni njia: mchanganyiko wa watatu kwa mmoja unaweza kupangika kwa namna nane, wa wawili kwa wawili kwa namna sita. Mistari yako 16 haitalingana kabisa na namba hizi. Ukichota familia 100 utaona zinasogea.

Swali linaloulizwa zaidi ni lile la kupata angalau mtoto mmoja wa jinsia fulani. Usijumlishe, wanaojumlisha 0.507 mara mbili hupata zaidi ya 1, yaani zaidi ya hakika, na hapo wajue wamepotea. Piga kinyume chake: zidisha 0.493 kwa yenyewe mara idadi ya watoto, kisha toa jibu kwenye 1. Kwa watoto wawili, nafasi ya kupata angalau mvulana mmoja ni 0.76. Watatu, 0.88. Wanne, 0.94. Watano, 0.97. Ongezeko linazidi kupungua kadiri unavyosonga. Tena namba hizi ni za mtu ambaye hajazaa bado. Aliyekwisha kupata wasichana wanne asijisomee ile 0.97, yake ni 0.507. Kuchanganya swali la kabla na swali la baada ndiyo ajali kubwa ya hesabu hii yote.

Je, wazazi wote wakiamua kuzaa hadi wapate mvulana ndipo wasimame, mji utajaa wavulana? Chukua familia 1,000. Mzao wa kwanza: wavulana 507, wasichana 493. Zile 493 zinaendelea: wavulana 250, wasichana 243. Za tatu: 123 na 120. Za nne: 61 na 59. Jumla hadi hapo ni 941 kwa 915, uwiano ule ule wa 103 kwa 100. Kilichobadilika ni ukubwa wa familia na uchovu wa mama.

Kwa muuguzi au mwanafunzi anayetaka kupima kwa rejesta ya MTUHA (kumbukumbu za huduma za afya) ya zahanati yake: angalia idadi kabla ya kutoa tamko. Katika wazao 10, kupata wavulana saba au zaidi hutokea kama mara 18 katika 100, basi wiki ya “wavulana watupu” kule leba si muujiza. Katika wazao 1,000, chochote kati ya 475 na 539 ni kawaida. Na kutofautisha mkoa wenye uwiano wa 103 na wenye uwiano wa 105 kunahitaji wazao zaidi ya 40,000. Rejesta moja ya Kasulu haitatosha.

Watabiri wa tumbo la juu, tumbo la chini, hamu ya ndimu au ya udongo, wapimwe kwa karatasi. Mwambie aandike jibu kabla, mama alisome mwenyewe, kisha bahasha ifungwe na kukaa kwa mama. Atapatia kama nusu, na nusu inatosha kumpa sifa, maana waliopatiwa hutangaza na waliokosewa hunyamaza. Jihadhari na yule anayemwambia mama “mvulana” na kuandika “msichana” kwenye daftari lake: akikosea mdomoni, anafunua daftari.

Kuna na ushauri wa kukutana siku yai linapotoka ili kupata mvulana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, uliofuatilia wanawake 221 waliotaka mimba, haukuona uhusiano wa siku na jinsia. Kuhesabu siku kunasaidia kushika mimba, kwani mbegu huishi hadi siku tano na yai huishi takriban siku moja tu.

Anayetaka kujua badala ya kubahatisha aende altrasaundi kati ya wiki ya 18 na ya 22. Kabla ya wiki ya 12 viungo vya mvulana na vya msichana vinafanana mno. Hata baadaye makosa hutokea: mtoto amebana mapaja, au kamba ya kitovu imepita katikati ya miguu ikadhaniwa ni kitu kingine. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24, lakini kwa ajili ya umri wa mimba, kasoro na idadi ya watoto, kwa hiyo usikiahirishe kusubiri jinsia ionekane vizuri.

Mashine ikionyesha wawili, uliza kama wako kwenye kondo moja. Kondo likiwa moja kweli, mara nyingi sana hao wametoka yai moja na watakuwa jinsia moja, hivyo kopo lichotwe mara moja tu. Wakiwa wa mayai mawili, chota mara mbili: nusu ya jozi kama hizo ni mvulana na msichana. Majina hayahitaji kusubiri jibu. Kulwa na Doto hupewa yeyote, atakayetangulia na atakayefuata.