Jinsi ya kuchemsha chai ya uyoga wa dawa, na kwanini kumwagia maji ya moto hakutoshi

Naandika hii kwa sababu jioni nzima nimekaa kwenye simu namwelekeza ndugu yangu, mwisho nikaona niandike mara moja, kila atakayeuliza namtumia. Swali lake ni lile lile la kila mtu: "mbona nimemwagia maji ya moto, nimefunika dakika tano, halafu sisikii ladha yoyote?" Husikii kwa sababu uyoga wa dawa hauandaliwi kama majani ya chai, unaandaliwa kama mizizi na magome, yaani sufuriani, moto mdogo, muda mrefu. Paketi nyingi zimeandikwa "loweka dakika 5" na watu wanaamini, hela inaenda hivyo hivyo.

Uyoga gani kwanza

Ninaozungumzia hapa ni huu: reishi (Wachina wanauita lingzhi), mgumu sana, mwekundu wa kahawia, mchungu balaa. Chaga, unaoota kwenye miti ya birchi huko kwenye baridi kali, Urusi na kwingineko, nje mweusi wenye nyufa, ndani rangi ya kutu. Trametes versicolor, ule mwembamba mgumu wenye mistari ya rangi rangi. Hericium erinaceus, mweupe, una nywele nywele zinaning'inia, huo ni laini na kwa kweli mimi naona bora uukaange ule kuliko kuunywa, ila wanaotaka chai yake wapo.

Na tafadhali, usiende porini kuchuma kwa kuangalia picha kwenye simu. Kuna uyoga kama Amanita phalloides ambao sumu yake haifi kwa kuchemshwa hata uchemshe siku nzima, na unaua ini. Nunua uliooteshwa au wa mtu anayejulikana kwa kazi hiyo.

Hatua ya 1: Nunua vipande, achana na unga

Hapa sina mjadala. Vipande vilivyokatwa na kukaushwa unaviona kwa macho, reishi unaijua ni reishi. Unga ni unga tu, anayejua kilichomo ni aliyesaga. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa bidhaa 19 za reishi zilizokuwa zinauzwa Marekani, zilizokutwa na kile kilichoandikwa kwenye lebo ni 5 peke yake. Tano!

Shida nyingine ya unga ni kwamba baadhi hautokani na uyoga wenyewe, unatokana na nyuzi nyuzi zake (maiselia) zilizooteshwa juu ya nafaka, halafu vyote vinasagwa pamoja, kwa hiyo unanunua wanga kwa bei ya dawa. Kama tayari unao unga nyumbani, upime: koroga kijiko kwenye maji ya moto, acha upoe kabisa (ukiwa wa moto rangi haitokei vizuri), dondoshea matone mawili ya ayodini ile ya vidonda. Ukigeuka bluu iliyoiva mpaka kama nyeusi, hapo una wanga mwingi. Ukibaki na rangi ya kahawia kahawia, afadhali. Ulichopimia mwaga, usinywe.

Hatua ya 2: Pima, suuza, loweka

Gramu 10 za vipande vikavu kwa lita moja na nusu ya maji. Tumia mizani, sio "kiganja kimoja", viganja havifanani. Vunja vunja vipande viwe vidogo, suuza haraka, loweka kwenye maji ya kawaida nusu saa au zaidi. Maji hayo hayo ndio utachemshia.

Hatua ya 3: Kuchemsha (hapa ndipo wengi wanaharibu)

Soma hii polepole. Ukuta wa chembe za uyoga umejengwa kwa kitu kinaitwa kitini, ndicho hicho hicho kilichopo kwenye maganda ya wadudu na ya kamba wa baharini. Tumbo letu linapata tabu nacho, na maji ya moto ya dakika chache hayakifanyi chochote. Vitu tunavyovitafuta, hasa zile sukari ndefu zinazoitwa betaglukani, vimefungiwa kwenye ukuta huo, ndio maana joto na muda lazima viende pamoja. Ukiwa na joto bila muda unapata maji yenye rangi, ukiwa na muda bila joto (wale wa kuloweka kwenye chupa ya chai usiku kucha) unapata maji ya uvuguvugu yenye harufu ya uyoga.

Kwa hiyo weka sufuria motoni, acha ichemke mara moja, ukiona inatokota punguza moto mpaka chini kabisa. Unataka vijipovu vidogo pembeni na mvuke unaopanda taratibu, basi. Ikitokota kwa fujo maji yanaisha kabla kazi haijaisha, na ukisahau unarudi unakuta vipande vimeungua chini, harufu yake haitoki jikoni mapema. Mfuniko weka nusu, ukifunika kabisa inafurika povu (uyoga una povu, usishtuke, sio sabuni), ukiacha wazi maji yanakauka.

Muda: reishi masaa mawili, ukienda mpaka matatu hakuna ubaya. Trametes saa moja na nusu hadi mawili. Chaga saa moja na kuendelea. Hericium na shitake (ule uyoga wa kupikia mboga) ni laini, dakika 30 hadi 45 zinatosha.

Sasa mitego. Kwanza, rangi sio kipimo. Chaga inatoa rangi nyeusi ndani ya dakika chache tu, mtu anaona "imeshaiva" anazima. Haijaiva, hiyo ni rangi tu. Upande mwingine Hericium haitii rangi ya maana hata ikiiva, mtu anadhani ameuziwa feki. Kwa reishi kipimo chako ni uchungu: onja baada ya nusu saa, onja tena ikifika saa moja na nusu, utasikia tofauti. Reishi iliyochemka masaa mawili na haina uchungu, mimi ningerudi kwa aliyeniuzia.

Pili, maji yakipungua sana ongeza ya moto, usimwage ya baridi, maana sufuria inasimama kuchemka na hesabu yako ya muda inavurugika. Lengo langu ni kubaki na kama lita moja mwishoni. Ukibaki na nusu lita sio hasara, ni chai kali, ongeza maji kwenye kikombe.

Tatu, sufuria. Natumia ya chuma kisichoshika kutu, ya udongo au ya kioo ni nzuri pia. Ya alumini siipendi kwa kitu kinachokaa motoni masaa yote hayo. Kuna wanaotumia sufuria ya presha wanamaliza kwa dakika 40 hivi, inafanya kazi, sibishi, ila mimi siioni ikichemka na siwezi kuonja katikati, ndio maana siipendi. Kama una jiko la umeme lile la kupika polepole, hilo ndilo bora kuliko yote: weka kwenye joto la juu, nenda kafanye shughuli zako masaa manne matano, na haliunguzi.

Nne, na hili linawahusu wapenzi wa reishi: maji hayatoi kila kitu. Betaglukani zinatoka vizuri kwenye maji, lakini zile triterpeni zinazoleta uchungu zinatoka kidogo tu, zinapenda zaidi pombe kali. Ndio maana wengine wanaloweka kwenye pombe kisha wanachemsha halafu wanachanganya. Kwa chai ya nyumbani sioni haja, ila usije ukaambiwa kikombe chako kina "asilimia mia ya faida za uyoga" ukakubali.

Hatua ya 4: Chuja. Chujio lolote, kwa chaga tandika kitambaa safi maana ina vumbi.

Hatua ya 5: Rudia

Vipande usitupe. Mimina lita moja ya maji, chemsha tena kama saa moja na nusu, changanya na ya kwanza. Chaga nzuri inaenda hata mara ya tatu. Ukiona maji yanatoka meupe na hayana ladha, hapo tupa kwenye mboji.

Kunywa na kutunza

Kikombe kimoja kwa siku kinatosha kuanzia. Tangawizi na mdalasini vinasaidia sana kwenye reishi, asali weka ikishapoa kidogo. Maziwa mimi hapana, ila ni kinywa chako. Kwenye friji siku nne, ikianza kunukia uchachu mwaga, au gandisha kwenye trei ya barafu uwe unatoa vipande viwili vitatu unamwagia maji ya moto.

Faida, bila chumvi

Watu wanauziwa chai hii kama inatibu kila kitu, haitibu kila kitu. Kinachojulikana ni hiki. Dutu iliyotolewa kwenye Trametes, inaitwa PSK, iliruhusiwa Japani mwaka 1977 itumike pamoja na matibabu ya saratani, na ile ya shitake inayoitwa lentinani ikafuata 1985. Angalia hapo: PSK ni dutu iliyosafishwa na kupimwa kwa gramu, lentinani ni ya sindano, na zote zilikwenda PAMOJA na dawa za hospitali. Kikombe chako sio hicho. Kwa reishi, wale wa Cochrane wanaokusanya tafiti walisema ushahidi hautoshi kuifanya tiba ya kwanza ya saratani, ingawa inaweza kufikiriwa kama nyongeza ya matibabu, na kwa wenye kisukari aina ya pili hawakuona ikishusha sukari wala presha wala kolesteroli kwa namna ya kuitegemea. Hericium ulijaribiwa Japani kwa watu 30 wa miaka 50 hadi 80 walioanza kusahau sahau, gramu 3 za vidonge kwa siku kwa wiki 16, alama zao zikapanda kuliko waliopewa vidonge bandia, walipoacha zikashuka. Inatia moyo, lakini ni watu 30 tu.

Mimi nainywa kwa sababu naipenda jioni badala ya kahawa, haina kafeini na inanituliza. Hiyo kwangu inatosha.

Nani asinywe bila kuongea na daktari

Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi kama warfarini au aspirini, maana reishi inaweza kuongeza kutoka damu. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji, aache wiki mbili kabla. Anayetumia dawa za kisukari au presha, aliyepandikizwa kiungo na anameza dawa za kutuliza kinga, mjamzito na anayenyonyesha.

Mwenye matatizo ya figo aachane na chaga kabisa. Ina oksaleti nyingi (chumvi chumvi ambazo zikizidi zinaganda kwenye figo), na mwaka 2014 madaktari wa Japani waliripoti mama wa miaka 72 aliyekuwa anakula vijiko vinne hadi vitano vya chai vya unga wake kila siku kwa miezi sita, figo zikafeli. Huo ni unga, unaingia wote mwilini, ni sababu nyingine ya mimi kuupinga. Unga wa reishi nao umeshatajwa kwenye visa vya ini kuumia.

Ukiona macho yanakuwa ya njano, mkojo umekuwa mweusi, michubuko inatokea hovyo au ngozi inawasha, acha siku hiyo hiyo uende hospitali, na beba paketi uwaonyeshe, usiseme tu "nilikuwa nakunywa chai".