Chomoa waya wa simu, si wa umeme pekee

Kwa ofisi za Mwanza ambazo bado zinatumia faksi kwenye laini ya simu ya mezani: mawingu yanapoanza kukusanyika juu ya ziwa, chomoeni kwanza waya wa simu ulioingia kwenye tundu lililoandikwa LINE nyuma ya mashine, kisha ule wa umeme. Wengi huzima umeme tu, ilhali radi hupitia pia nyaya za simu zinazoning'inia nguzoni, na laini iliyozoea takriban volti 48, au karibu 90 inapoita, huweza kupokea ghafla maelfu ya volti na kuunguza modemu ya ndani, yaani sehemu ya mashine inayotuma na kupokea faksi kupitia laini. Radi ikishaanza kupiga karibu, msiguse waya wowote. Bora mashine iungue kuliko mtu kupoteza maisha. Ofisi inayopokea faksi usiku itafute kifaa cha kukingia laini, ambacho hakisaidii kitu iwapo soketi ya umeme haina waya wa ardhini unaofanya kazi kweli. Kwa upande wa sheria, nunueni mashine iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na nyaya zilizo nyuma ya soketi ya simu ya ukutani mwachieni fundi wa kampuni ya simu.