Andika ubavuni, kabla ya kupakua

Kwa anayefungasha vyakula vya mchana vya kupeleka maofisini, ni vyema abandike kipande cha utepe wa karatasi, ule unaotumiwa na mafundi rangi, ubavuni mwa kila chombo kingali kitupu na kikavu, kisha aandike kwa maka peni kitakachowekwa ndani: "wali kuku", "wali maharage", "ndizi nyama, bila pilipili". Ubavu unafaa kuliko kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana kwa urahisi wakati wa kufunga, na vyombo vikishapangwa kimoja juu ya kingine huonekana kifuniko cha juu tu. Herufi moja haitoshi: K inaweza kuwa kuku au kunde, na asiyekula nyama ndiye atakayelala njaa. Njia hii hushindwa chombo kikiwa tayari kimepata mvuke au mafuta, kwa kuwa gundi haishiki penye unyevu. Kwa vyombo vya foili vyenye kifuniko cha kadibodi, ambavyo ubavu wake una mikunjo, andika juu ya kadibodi yenyewe kwa penseli, maandishi yasiyochujuka kwa mvuke, na uvipange safu moja tu.