Alamu ya mashine ya vifaranga: ile 50 iliyokuja nayo ibadilishe leo leo

Wafugaji wenzangu habari zenu, leo siongelei chanjo wala pumba, naongelea kile kiboksi cha namba nyekundu na kijani pale kwenye mlango wa mashine ya kutotolesha, yaani kontrola ya joto, maana kila mara nakutana na mtu kapoteza mayai na alamu anayo, fundi kamfungia na king'ora kabisa, ila siku ya siku hakikulia.

Wa mwisho ni mama mmoja ana mashine ya mayai 528. Nimefika, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, njoo uone jinsi kilivyonichemshia mayai." Kontrola inasoma 42.3, mayai yana siku 11, chumba kimya kama msikitini. Nikashikilia kitufe cha SET sekunde kama 4 menyu ikafunguka, nikabonyeza mpaka AL1, yaani alamu ya kwanza, nakuta 50. Mama akaniuliza, "Sasa hiyo 50 si ndo joto la kulia?" Nikamwambia hata ingekuwa hivyo mama, kwenye 50 hapo ni kutafuta chumvi tu, lakini hii ni mbaya zaidi, hii 50 inajumlishwa juu ya seti, lile joto ulilopanga mashine ilishike. Seti 37.7 ongeza 50, king'ora kingelia joto likifika 87.7.

Hapo ndo wengi wanakosea. Alamu ziko za aina mbili kubwa. Kuna ya namba kamili, ukiandika 38.4 inalia kwenye 38.4, basi. Na kuna ya tofauti, hii unaandika umbali kutoka kwenye seti, ukiandika 0.7 na seti ni 37.7 inalia kwenye 38.4 ileile. Aina inachaguliwa kwenye menyu ya ndani au imeshapangwa kiwandani kulingana na namba ya modeli iliyobandikwa ubavuni, kwa hiyo karatasi iliyokuja na kontrola usiifungie maandazi. Mimi kwenye mayai napenda ya tofauti, kwa sababu siku ya 18 ukihamia kwenye kuangulia na ukashusha seti kidogo, mfano 37.2, alamu inashuka nayo yenyewe, wakati ile ya namba kamili inabaki kule juu mpaka uikumbuke.

Kwa mashine yenye feni mi naweka juu 0.7 na chini 1.2. Sio sawa kwa sawa, kwa sababu kijusi kinavumilia baridi ya muda kuliko joto, umeme ukikatika kwa muda wa saa moja vifaranga wanachelewa kidogo tu, ila joto la 41 au 42 likikaa masaa machache umepoteza. Afu weka na lile pengo la kurudi, 0.2 au 0.3 inatosha, yaani ikilia kwenye 38.4 isinyamaze mpaka ishuke 38.2, bila hivyo rilei, ile swichi ndogo ya ndani inayowasha king'ora, itakuwa inagonga tik tik tik usiku kucha na wewe utaenda kuchomoa waya wa king'ora, nawajua.

Sasa kuna kitu kinaitwa kusubiri, kontrola nyingi zinacho. Ukiwasha mashine ikiwa bado imepoa, joto liko 25, alamu ya chini ingelia muda wote, kwa hiyo kusubiri kunaizuia mpaka joto lifike kwenye eneo lake mara ya kwanza. Ni kitu kizuri sana kwenye kiwanda ambacho umeme haukatiki. Huku kwetu umeme unakatika saa 8 usiku, unarudi saa 9, kontrola inajiwasha na kuanza kusubiri upya, na kama hita imeungua wakati umeme unarudi basi joto halitafika kamwe na alamu ya chini haitalia kamwe, wewe umelala. Mi nawashauri alamu ya chini isiwe na kusubiri, ule usumbufu wa mwanzo weka swichi ya kuzima king'ora, ukishafika 37 washa.

Na hiyo alamu ya chini usiidharau ikilia. Sensa, kile kijiti cha waya kinachopima joto, ikichomoka ikaning'inia nje ya mashine inasoma joto la chumba, kontrola inadhani mayai yanaganda, inasukuma hita mpaka mwisho. Kioo kinasema 27, ndani ni tanuri. Ndo maana kipimajoto cha pili, hata kile cha kawaida cha zebaki, lazima kiwe ndani kinachoonekana kwenye dirisha.

Turudi kwa yule mama. Joto lilipandaje? SSR, ile rilei ya kielektroniki isiyogonga, ikiharibika mara nyingi inakwama ikiwa imewaka, kontrola inasema zima na hita inaendelea. Kwa hiyo kengele peke yake haitoshi, mwambie fundi apitishe umeme wa hita kwenye kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa kwa umeme, na coil yake, yaani koili inayoivuta, iendeshwe na rilei ya alamu ya juu, joto likizidi inakata hita kabisa hata SSR ikiwa imekufa. Na king'ora kiwe cha betri ya 12V, na karilei kadogo ka 220V ambako umeme ukipotea kanaachia na kuunganisha betri na king'ora, maana kontrola yenyewe bila umeme ni kipande cha plastiki tu, haiwezi kukwambia umeme umekatika.

Kabla hujapanga mayai jaribu. Kwa yule mama tulichomoa sensa tukaitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, namba ikapanda 37.9, 38.2, 38.4, kontakta ikagonga, taa ya hita ikazima, king'ora kikalia mpaka jirani akatoka na upawa mkononi kuuliza kuna nini.