Mlima unatoka mdogo kwenye picha? Rudi nyuma

Nimetoka kwenye mafunzo ya picha hapa Moshi na kitu kimoja ambacho laiti ningekijua zamani. Ukimpiga mtu picha na Kilimanjaro nyuma yake, usimsogelee. Mwache pale pale, wewe rudi nyuma hatua kama thelathini (angalia bodaboda!), kisha vuta kwa zumu mpaka awe na ukubwa ule ule wa mwanzo. Mlima utapanda nyuma yake mpaka ushangae. Kutoka mjini hadi Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ni kama kilomita 30, kwa hiyo hatua zako thelathini mlima hauzihisi kabisa. Anayepungua ni mtu tu. Zumu ikija, inawakuza wote wawili kwa kiasi kilekile. Mimi nilijaribia mgomba. Nilipokuwa karibu, jani moja lililochanika lilimeza theluji yote. Niliporudi hadi ukingo wa shamba, mkungu ukakaa kushoto, kilele kulia, na mifereji ya barafu ikaonekana.

Inagoma wapi? Kwenye simu yenye lenzi moja, zumu ni kukata picha tu, ukizidisha mara mbili inaanza chenga. Uchochoroni huna pa kurudi. Na ukungu nao unakuzwa pamoja na mlima, basi nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa nne mawingu mara nyingi yameshafunika.