Gari likigoma ughaibuni: P si breki

Mkono wangu wa kulia bado umevilia damu kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, kwa hiyo naandika polepole, na mtanivumilia nikirudia neno moja mara nyingi: P, ile gia ya kuegeshea ya gari la otomatiki, si breki.

Gari lilikaa wiki tatu za mvua na baridi, hendibreki imevutwa. Asubuhi ya kwenda kazini injini ikawaka bila shida. Nikaweka D, gia ya kwenda mbele, nikakanyaga mafuta, injini ikapaa, gari likabaki palepale. Mnajua nyumbani ingekuwaje: simu moja, fundi huyo na mkoba wake wa spana, na vijana watano wameshaanza kusukuma kabla hujawaomba. Huku fundi anauza saa, na saa inaanza kuhesabiwa kabla hajafungua boneti. Nikafanya wanachofanya wengi wetu, nikampigia mjomba video.

Mjomba akatazama dakika moja. "Hizo breki za nyuma zimeganda. Piga jeki uingie chini." Wajomba na mashemeji, tunawapenda, lakini jamani, mnatupeleka chini ya tani moja na nusu ya chuma kwa picha inayokatikakatika. Halafu tukiuliza kuhusu stendi za chuma za kuegemezea gari mnasema weka tofali.

Nikaachia hendibreki ili nijaribu hizo breki alizozitaja. Nikaisahau hapo. Kwa kuwa nilisikia kitu kikigonga upande wa mbele kushoto, nikaweka P, nikapiga jeki upande huo, nikafungua tairi na kulilaza chini ya ubavu wa gari kwa sababu sikuwa na pa kuliweka. Kisha nikaingiza mkono, nikashika shafti, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi tairi, na kuitikisa. Gari likajongea nyuma kama limeitwa. Jeki ikainama, ikalala, bodi ikashuka na kuubana mkono wangu. Tairi lile nililolilaza kwa uvivu ndilo lililozuia bodi isishuke zaidi. Rimu yake imepinda, na mimi ningali na vidole vitano.

Sasa sikilizeni mtego wenyewe. Ukiweka P kwenye gari la otomatiki, kijino kimoja cha chuma kinaingia kwenye meno ya gia ndani ya giaboksi. Tairi hakiligusi. Kati yake na tairi kuna difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili, na shafti mbili za kulia na kushoto. Shafti moja ikikatika, difu inauzungusha upande mbovu bure na upande mzima haupati nguvu yoyote. Kwa hiyo D haivuti, na kwa sababu hiyohiyo P haishiki. Ugonjwa uliolizuia gari langu kwenda ndio uliolizuia kusimama.

Na hata shafti zikiwa nzima, P inaweza kukuacha. Gari linalovutwa na tairi za mbele, ukiinua tairi moja la mbele, lililo hewani linazunguka upande mmoja na lililo chini linapata ruhusa ya kutembea upande mwingine. Gia ya mkono ni vilevile, kuliacha kwenye namba moja hakukusaidii. Inayobaki ni hendibreki, ambayo kwa magari mengi inashika tairi za nyuma. Ukiinua nyuma, basi nayo umeipunguzia kazi. Ndiyo maana ya kabari: mbili, kubwa, zimebanwa mbele na nyuma ya tairi lililobaki chini, kabla jeki haijagusa gari. P si breki, nimeshasema.

Kinachoniuma ni kwamba sikuhitaji kuinua chochote. Uchunguzi mwingi unafanyika ukiwa umesimama. Mahali tambarare, injini imezimwa, gia iko N (huru), hendibreki imeachiwa, mtu mmoja mguu kwenye breki tayari: sukuma. Likikataa kuviringika, kuna tairi limeshikwa, na hapo mjomba angekuwa sahihi, maana breki shuu, vile vipande vinavyobana, hushikana na drami, ngoma ya chuma inayozunguka na tairi, kwa kutu gari likikaa kwenye unyevu. Likiviringika vizuri, breki zako hazijaganda. Sasa weka P, sukuma tena taratibu. Likiendelea kuviringika kwenye P, umeshapata jibu: kuna kitu kimekatika kati ya giaboksi na tairi, au waya wa gia haufikishi P. Baadhi ya magari hata yanakwambia yenyewe, ukiweka D mshale wa spidi unapanda huku gari limesimama. Kata usukani hadi mwisho, mulika tochi nyuma ya tairi. Mpira wa sivi (unaofunika kiungio cha shafti karibu na tairi) uliochanika na grisi iliyorushwa ndani ya rimu vinaonekana bila kupiga goti.

Likishikwa na P lakini D na R (ya kurudi nyuma) zote hazivuti, anza na oili ya giaboksi na waya wa gia. Kwa gari la mkono, anza na klachi.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari, wanayoichomeka mafundi wa huku kabla hata ya kukusalimia, haina habari na shafti iliyokatika. Hapa niseme kidogo. Hawa watu hawatengenezi, wanabadilisha. Ila kitabu cha gari wanakisoma, na sisi chetu kinazeeka ndani ya nailoni. Sehemu za kuwekea jeki zimechorwa humo. Jirani yangu, ambaye kwa miaka miwili tulipungiana mikono tu, aliona yote dirishani. Akaja na stendi mbili za chuma, akaziweka miguuni pangu bila neno, akaondoka. Hakuna atakayekusukumia gari huku bila kuombwa. Ukiomba, wanakuja.

Ukilazimika kuingia chini: ardhi ngumu na tambarare, legeza nati tairi likiwa bado chini, kabari, jeki, kisha stendi mbili, na uzito wa gari ushushwe ukae juu ya stendi. Jeki inapandisha tu, haibebi mtu aliye chini. Ile ya mafuta, mpira wake wa ndani ukivuja, inashuka bila kukuaga. Tofali la saruji linapasuka ghafla, hilo msibishane nami. Tikisa gari kwa nguvu ungali nje, likicheza usiingie. Laza tairi chini ya ubavu. Mwambie mtu uko wapi. Injini isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, ule moshi una gesi inayoua, nayo haina harufu ya kukuonya. Na someni mkataba wa nyumba, mimi kesho yake nilipata barua kuhusu kutengeneza gari kwenye maegesho.

Mwishowe nikaita gari la kuvuta. Hapa pia mtego upo: dereva atauliza kama gari linaviringika, utajibu ndiyo, ataridhika, na huko mwisho atalishusha kwenye P akidhani limesimama. Mwambie mapema. Wangu aliponielewa alichomoa chaki mfukoni, akaandika kwenye kioo cha mbele kwa herufi kubwa, kwa lugha yao, P HAISHIKI, halafu akasukuma kabari zake mwenyewe chini ya tairi za nyuma.